Chura Katoka Tena! Jinsi ya kumtunza chura wa mtoto asitoroke



Katika toleo la mwezi huu tumechagua habari ambayo wakubwa wengine wataicheka: vyura wanaofugwa na watoto. Lakini ukipita kati ya nyumba zetu jioni, hasa mvua zikianza, utaona mwenyewe. Hapa mtoto ana kidumu cha mafuta kilichokatwa, pale kuna beseni lililopasuka mdomo, kwingine chupa kubwa ya maji, na ndani yake amekaa chura. Uliza habari za chura huyo, jibu ni lile lile: "Wa kwanza alitoroka. Huyu ni wa pili." Au wa tano.

Wengi wetu tumetoka Rumonge na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Wengine tumetoka ng'ambo, upande wa Congo: Uvira, Baraka, Fizi. Huko ni nadra kumpata mtoto aliyekua bila kushika chura. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwakataza. Tunaandika ili chura akae salama, na nyumba nayo ikae salama.

KWA NINI NI JAMBO LA FAMILIA NZIMA?

Kwanza, chura akitoka kwenye chombo chake ndani ya nyumba, mara nyingi mwisho wake ni kufa. Ngozi yake siyo kama yetu. Chura hanywi maji kwa mdomo, anayavuta kwa ngozi, hasa ngozi ya tumboni na mapajani. Sehemu ya pumzi yake pia inapita kwenye ngozi hiyo hiyo, na ili ifanye kazi ni lazima iwe na unyevu. Akipotea kwenye sakafu ya vumbi, usiku mmoja wa kiangazi unaweza kumkausha. Asubuhi mnamkuta nyuma ya mlango, mkavu kama jani.

Pili, chura anayezurura ndani anaingia popote palipo na maji. Na nyumbani kwetu maji yako wapi? Kwenye ndoo ya kunywa, kwenye mtungi, kwenye sufuria iliyolowekwa. Hapo habari inageuka kuwa ya afya, na tutaieleza mbele.

Tatu, kuna mtoto mwenyewe. Watoto wetu wamekwisha acha nyuma mbuzi, paka, marafiki, wengine hata ndugu zao. Mtoto wa namna hiyo akiwa na kiumbe kimoja cha kutunza, anapata kazi yake mwenyewe ya kila siku. Anaamka anajua kuna anayemngoja. Lakini kiumbe hicho kikipotea kila wiki kwa sababu ya kifuniko kibovu, mtoto anazoea kuamini kwamba kila anachokipenda kitaondoka tu. Wakubwa tunaweza kumsaidia kwa kipande cha wavu na mpira wa kufungia. Siyo gharama kubwa, jamani.

Wapo pia wazazi wasiotaka chura nyumbani, wanasema analeta mkosi. Hatutabishana nao, kila nyumba ina wenyewe. Basi mtoto aweke chombo nje, kivulini, mbali na mlango. Tunaomba tu chura asimwagiwe chumvi wala majivu. Kwa ngozi ile, chumvi ni moto.

VYURA WA KWETU NI WENGI, NA KILA MMOJA ANA NJIA YAKE YA KUTOKA

Kwa Kirundi tunasema igikere, na mtu hudhani igikere ni kimoja tu. Hebu kumbukeni tambarare ya Imbo: mashamba ya mpunga, michikichi, mito ya Murembwe na Dama inayoingia ziwani, matete kando ya maji. Kila mahali pana chura wake. Kabla ya kutengeneza chombo, mjue uliyemkamata.

Chura mrukaji. Ni mwembamba, pua yake imechongoka, miguu ya nyuma ni mirefu. Anakaa kwenye nyasi na mpunga. Mwaka 1977 huko Afrika Kusini, chura mmoja wa jamii hii aliyeitwa Santjie aliruka mara tatu mfululizo akafika mita 10.3, na rekodi yake ikaandikwa. Kwa huyu, beseni lisilo na kifuniko ni kama hakuna beseni.

Chura wa matete. Ni mdogo, wengine hawazidi ncha ya kidole gumba, na mara nyingi ana rangi za kupendeza. Ncha za vidole vyake zinanata. Anapanda ukuta wa plastiki na hata kioo kama mtu anayepanda ngazi. Huyu haruki kifuniko. Anazunguka ukingoni usiku kucha akitafuta upenyo, na akiupata anapita.

Chura wa makucha. Anaishi majini wakati wote. Ana ngozi ya kuteleza, macho madogo yanayotazama juu, hana kope wala ulimi, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina makucha meusi. Watu hudhani kwa kuwa ni wa majini hawezi kutoka. Kumbe usiku wa mvua huacha dimbwi lake na kujikokota nchi kavu mpaka dimbwi lingine. Ndoo iliyojaa mpaka juu ni mlango wazi kwake.

Chura wa nchi kavu. Ni mnene, ngozi yake ina vipele, anarukaruka kifupi kifupi. Ana nguvu, husukuma kifuniko kwa kichwa na kuchimba udongo. Nyuma ya macho yake kuna tezi zenye sumu ya kumkinga na wanyama wanaotaka kumla. Mtoto akimshika asijiguse macho wala mdomo mpaka anawe.

Neno moja juu ya kukamata. Mchukue chura wa kawaida, wa mtaroni au shambani, na awe mmoja au wawili tu. Vyura wa misitu iliyohifadhiwa waachwe. Kule kwetu kuna msitu wa Kigwena, kusini ya Rumonge, na juu milimani kuna msitu wa Bururi. Katika milima hiyo ya Burundi kuna chura mdogo mweusi mwenye rangi ya kijivu na buluu, ambaye dume lake lina kidole kimoja kirefu kuliko vingine. Wataalamu walimwona mwaka 1949, halafu hawakumwona tena. Watu walianza kufikiri amekwisha. Desemba 2011, David Blackburn na Eli Greenbaum kutoka Marekani waliingia msitu wa Bururi, wakasikiliza milio usiku kwa usiku, wakampata mmoja. Miaka 62 ilikuwa imepita! Fikirini kama yule mmoja angekuwa amewekwa kwenye chupa ya mtu akakauka.

KWA NINI CHURA ANATAFUTA NJIA?

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Kifuniko kinazuia kutoka, lakini hakiondoi sababu ya kutoka. Chura aliyefungiwa vibaya atajigonga na kusugua pua ukutani mpaka pua itoke kidonda. Ukiona pua yenye kidonda, usifurahi kwamba kifuniko ni imara. Chura huyo anasema kuna kitu kinamsumbua. Sababu za kawaida ni hizi:

Joto. Chini ya turubai mchana kunachemka, nyote mnajua. Chura hana namna ya kutoa jasho kama sisi. Weka chombo kivulini, chini, mahali penye hewa. Kamwe usiweke chupa juani.

Maji mabaya. Maji ya bomba la kambini hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Kwa ngozi ya chura klorini ni kali. Chota maji kwenye chombo kipana, yaache wazi kutwa na usiku, ndipo umpe. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri zaidi.

Njaa. Chura wengi hula kitu kinachotembea: nzi, panzi wadogo, mchwa, kumbikumbi, minyoo. Ugali na wali hawavitambui kabisa. Wape wadudu watatu au wanne kila baada ya siku moja. Chura wa makucha hula hata vipande vya minyoo au vya ndagala mbichi. Mabaki yatolewe siku hiyo hiyo, maana yakioza maji yanaharibika. Wadudu waliopuliziwa dawa wasitumike.

Kukosa maficho. Kiumbe huyu anawindwa na ndege, nyoka na paka. Akiwekwa mahali peupe ana hofu muda wote. Mpe kipande cha chungu, jani la mgomba au gome la mti ajifiche.

Mvua na majira. Mvua zinapoanza, madume hulia na wote hutaka kwenda kuzaliana. Siku hizo hata chura aliyeshiba hatulii. Kama chura wako analia kila usiku na kujigonga, ushauri wetu ni mmoja: mrudishe ulikomtoa. Utamkamata mwingine siku nyingine.

CHOMBO KIZURI NA KIFUNIKO CHAKE

Kazi ya kuweka viumbe hai kwenye maji siyo ngeni kando ya ziwa letu. Mwaka 1971 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alianza Bujumbura biashara ya kusafirisha samaki hai wa Tanganyika kwenda nchi za nje. Wale samaki wadogo wa kwenye mawe, ambao mvuvi wa mukeke na ndagala hawajali, huko Ulaya na Marekani watu huwaweka sebuleni kwenye sanduku la kioo na kuwatazama jioni. Samaki aliyetoka kilindini hapandishwi kwa haraka, maana hewa iliyo tumboni mwake hutanuka na kumuua. Anapandishwa kidogo kidogo. Na sisi tuchukue somo hilo: kiumbe wa majini hataki mabadiliko ya ghafla.

Chombo tunachokipendekeza ni kidumu cha lita 20 kisichohitajika tena. Fanyeni hivi, mkubwa akishika kisu:

1. Osheni kidumu kwa maji mengi. Kama kilikuwa na mawese, mchanga na maji ya moto vitatoa mafuta. Sabuni ikitumika, suuzeni mpaka harufu iishe kabisa. Kidumu kilichobeba dawa ya shamba au petroli kisitumike kamwe.

2. Kilazeni ubavu. Kateni dirisha upande wa juu, lenye upana wa viganja viwili. Msikate ubavu wote, kwa sababu ule ukingo unaobaki unamrudisha chura anayepanda ukuta.

3. Funikeni dirisha kwa wavu wa mfuko wa vitunguu, mara mbili kama matundu ni makubwa, au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Tundu lisizidi nusu ya upana wa kichwa cha chura. Kichwa kikipita, mwili utafuata.

4. Fungeni kwa mpira wa baiskeli uliokatwa mkanda mrefu, uzunguke kidumu chote. Jiwe juu ya kitambaa halitoshi: kitambaa kinalegea na pembeni panabaki upenyo.

5. Kizibo cha kidumu kirudishwe mahali pake. Wengi wanafunga dirisha vizuri na kusahau mdomo.

6. Jaribuni. Ingizeni mkono mmoja chini ya wavu kabla ya kukaza, msukume kwa vidole kutoka ndani pande zote. Panapoinuka ndipo atakapotokea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tafadhali, msikate chandarua. Kile kizima ni cha mtoto aliyelala. Na hata kikuukuu hakifai, kwa sababu vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inawadhuru vyura na samaki pia.

Ndani ya chombo, chura wa nchi kavu, mrukaji na wa matete wanataka udongo wenye unyevu, majani, na kisahani cha maji ya kina cha vidole viwili. Chura wa makucha anataka maji ya kina cha shubiri moja, na kati ya maji na wavu ibaki nafasi ya kiganja kizima.

Tena sikilizeni hili: vyura wengi hawatoroki usiku. Wanatoroka saa ya kulishwa, pale kifuniko kinapofunguliwa. Kwa hiyo fungueni mchana, wakati ametulia. Gongeni wavu kidogo kwanza ili kama amening'inia hapo adondoke chini. Funueni pembe moja tu, tieni wadudu, fungeni. Mkitaka kubadilisha maji, mmoja amshike chura kwa kikombe kilichofunikwa kwa kiganja kilicholowa, mwingine afanye kazi. Kikombe hicho kiwe cha chura tu, kisirudi jikoni.

KAMA UNAFUGA VILUWILUWI

Watoto wengine wanaokota mayai au viluwiluwi vya chura kwenye madimbwi ili waone vinavyogeuka. Ni somo zuri la sayansi, na halina gharama. Lakini hapa ndipo wengi wanaposhangaa: "Jana vilikuwa kumi, leo vitatu."

Kiluwiluwi hutoa miguu ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Siku miguu ya mbele inapotoka, ujue anaacha kupumua kama samaki na anaanza kupumua kama sisi. Akikosa mahali pa kupanda anazama na kufa, ndani ya maji yale yale alimokulia! Akipanda na hakuna kifuniko, anaondoka. Kwa hiyo miguu ya nyuma ikionekana tu, wekeni jiwe linalotokeza juu ya maji na mfunike kwa kitambaa chenye matundu madogo sana, maana vyura hao wapya ni kama nzi kwa ukubwa. Wengi wao warudishwe kwenye dimbwi lao. Hakuna familia inayoweza kuwakamatia inzi wadogo vyura thelathini.

USAFI NA AFYA YA NYUMBA

Tuseme wazi. Chura anaweza kuonekana mzima kabisa na bado akabeba vijidudu vinavyoitwa salmonela, vinavyoleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Kati ya mwaka 2008 na 2011 huko Marekani, watu 376 katika majimbo 44 waliugua kwa ajili ya vyura wadogo wa majini waliofugwa nyumbani, wa jamii inayotoka Afrika. Wengi walikuwa watoto. Wengi wa wale walikuwa na bomba la maji jikoni. Sisi tunaopanga foleni kwa ndoo moja lazima tuwe waangalifu zaidi.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika chura au maji yake. Kabla ya kumshika, anawe kwa maji matupu tu, maana sabuni na mafuta ya kujipaka vinamchoma chura. Mtoto wa chini ya miaka mitano atazame, asishike. Maji machafu ya chura yamwagwe mbali na jiko, mbali na bomba na mbali na bustani ya mboga. Chombo cha chura kisiwekwe karibu na maji ya kunywa, na ndoo ya kunywa iwe na kifuniko siku zote, chura awepo asiwepo.

Na mbu je? Maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, na malaria tunaijua. Badilisheni maji kila baada ya siku mbili au tatu. Yai la mbu linahitaji wiki moja hivi kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo mkimwaga mapema hamna hatari. Ule wavu wa kumzuia chura asitoke, ukiwa na matundu madogo, unamzuia na mbu asiingie.

AKITOROKA, FANYENI NINI?

Msikimbie huku na huku, mtamkanyaga. Fungeni mlango na mzibe upenyo wa chini kwa nguo. Funikeni ndoo zote za maji. Kisha tafuteni polepole kwa kufuata ukuta, kwa sababu chura hupenda kutembea kando ya ukuta. Angalieni chini ya vidumu, nyuma ya mtungi, chini ya mkeka, ndani ya viatu, popote penye ubaridi na unyevu.

Msipompata, ngojeni usiku. Wekeni kitambaa kilicholowa maji pembeni ya chumba, zimeni taa, mkae kimya. Baadaye mulikeni kwa tochi karibu na kitambaa hicho. Mara nyingi mtamkuta amekaa juu yake anakunywa kwa tumbo.

Mkimpata, mchukueni kwa mikono iliyolowa. Akiwa na vumbi, mwekeni kwenye maji safi yaliyotulia, yafike tumboni tu, pua ibaki juu. Hata akionekana kama amekufa, mpeni saa moja mbili. Wengine huamka. Na kama ametoka nje usiku wa mvua, na alikamatwa hapo hapo jirani, mwambieni mtoto ukweli bila kumwongopea: amerudi kwao, na huko anajua kuishi.

CHURA ALIYETOROKA MBALI NA KWAO

Mambo ni tofauti chura akitorokea nchi isiyo yake. Yule chura wa makucha tuliyemtaja ana ndugu yake Afrika Kusini. Miaka ya 1930 wataalamu waligundua kwamba jike la chura huyo likidungwa mkojo wa mama mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja hivi. Ndicho kikawa kipimo cha mimba, na vyura kwa maelfu wakapelekwa hospitali za Ulaya na Marekani. Vipimo vipya vilipokuja, vyura wengi walibaki bila kazi. Wengine walitoroka, wengine waliachiliwa na watu waliochoka kuwatunza. Leo wanaishi porini Chile, California, Ufaransa, Ureno na kisiwa cha Sicily, wanakula wadudu, viluwiluwi na samaki wadogo wa pale.

Tena kuna ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura, na wanaosafirishwa huku na huku huusambaza hata kama wao hawaugui. Wataalamu walihesabu mwaka 2019 kwamba aina zisizopungua 501 duniani zimepungua kwa sababu ya ukungu huo, na 90 kati yake zinadhaniwa zimekwisha. Ndiyo maana tunasema: chura arudi kwenye dimbwi lile lile alikotolewa, na maji yake yasimwagwe mtoni. Siku familia inapopata ruhusa ya kurudi Rumonge au kuhamia nchi nyingine, chura asifichwe kwenye mizigo. Mtoto atalia, ndiyo. Mpeleke mwenyewe dimbwini, aage, atazame chura akiogelea. Ni tofauti kubwa kati ya kuaga na kunyang'anywa, na watoto wetu wengi hawakupata nafasi ya kuaga walipotoka kwao.

WALIOFUNGWA ILI WAOKOLEWE

Tumalizie kwa habari ya Tanzania, katika milima ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 1996 waligunduliwa hapo vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, jike lake halifiki sentimita tatu. Hawatagi mayai kama wengine, wanazaa watoto wazima, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Makao yao duniani kote yalikuwa eneo la hekta chache tu, linalolowa kwa manyunyu ya maporomoko.

Bwawa la umeme lilipojengwa, maji yalipungua na manyunyu yakakauka. Desemba 2000 vyura karibu 500 walipelekwa kwa ndege Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliwekwa kwenye masanduku ya kioo yenye vinyunyizio, na mwanzoni wengi walikufa. Fikirini kazi ya wale walezi: kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele asipite kwenye tundu lolote, asikauke, asikose chakula. Huko Kihansi kwenyewe ugonjwa wa ukungu ulifika, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Waliobaki duniani ni wale wa kwenye masanduku.

Mwaka 2010 vyura mia moja walirudishwe Tanzania, wakatunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kule maporomokoni watu walitandaza mabomba ya kunyunyiza maji ili kutengeneza upya manyunyu yaliyopotea. Mwaka 2012 maelfu mawili na zaidi wakaachiliwa Kihansi. Kurudi kwao hakujawa rahisi, kazi ya kuwasaidia inaendelea. Lakini uzao wa wale waliopelekwa mbali umeona tena kwao, kwa sababu mtu fulani kila jioni alihakikisha kifuniko kimefungwa na maji yapo.

KUMBUKA

Kifuniko kimefungwa kwa mpira, siyo kwa jiwe.
Tundu halizidi nusu ya kichwa cha chura.
Maji yamelala wazi kutwa na usiku kabla ya kumpa.
Chombo kiko kivulini, mbali na maji ya kunywa.
Mikono inanawiwa kwa sabuni kila baada ya kumshika.
Chura anayesumbuka anarudishwa alikotolewa.

MASWALI YA WATOTO (wajibuni pamoja na wazazi)

1. Kwa nini chura hahitaji kikombe cha kunywea maji?
2. Chura wa matete anawezaje kupanda ukuta wa plastiki?
3. Kiluwiluwi kinahitaji nini siku miguu ya mbele inapotoka?
4. Kwa nini hatumwagi maji ya chura mtoni?

Tunawatakia mwezi mwema, wenye mvua ya kutosha na nyumba zisizovuja. Wakati vyura wanapolia usiku, msiwakasirikie sana. Wanatukumbusha sauti za Rumonge.